Kisu cha kukunja chenye wembe wa kubadilisha: anza na wembe, mpini ufuate

Kisu kidogo cha kukunja ni zana ya kila siku kwa watu wa biashara ya mipakani. Dereva, utingo, mpakiaji na mwenye mzigo wote hukihitaji kukata kamba, kufungua maboksi, kupasua nailoni iliyozungushiwa bidhaa na kufumua mishono ya viroba. Pamoja na umuhimu huo, wengi hukinunua harakaharaka kando ya barabara bila kuuliza swali lolote zaidi ya bei.

Visu vyenye wembe wa kubadilisha viko vingi sokoni, vya kila rangi na kila umbo. Mnunuzi wa kawaida hutazama mpini kwanza: kama unang'aa, kama ni mwepesi, kama una klipu ya kushikia mfukoni. Hata hivyo, kinachokata si mpini. Kinachokata ni wembe, na wembe huisha.

Kwa mtu anayefanya kazi mji mmoja, wembe ukiisha ananunua mwingine siku hiyo hiyo. Kwa anayesafiri na mzigo nchi mbili au tatu mambo ni tofauti. Kisu ambacho wembe wake unauzwa duka moja tu la Dar es Salaam au Nairobi kinaweza kufika mpakani kikiwa hakina kazi tena. Ndiyo maana uchaguzi wa kisu cha aina hii unapaswa kuanzia kwenye wembe, kisha mpini ufuate.

Faida na mipaka ya kisu hiki

Kisu cha kawaida cha kukunja huwa na bapa moja la kudumu ambalo hunolewa likipoteza makali. Kisu cha wembe wa kubadilisha hakinolewi. Makali yakiisha, wembe hutolewa, hugeuzwa au hutupwa, na mwingine huwekwa kwa muda usiozidi dakika moja.

Wazo la kutumia makali kisha kuyatupa si geni. Mmarekani King C. Gillette alianza kuuza mashine ya kunyolea yenye wembe wa kutupa mwaka 1903, na biashara yake ikajengwa juu ya mauzo ya nyembe. Mwenye kisu cha kubadilisha wembe yuko kwenye hali hiyo hiyo: mpini hununuliwa mara moja, nyembe hununuliwa kila mara.

Faida ya kwanza ni usalama, ingawa wengi hawaitarajii. Kisu butu humlazimisha mtumiaji kusukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayofanya mkono uteleze. Makali mapya hukata kamba kwa mvuto mwepesi.

Faida ya pili ni uzito. Kwa kuwa bapa ni wembe mwembamba wa karibu gramu 5, mpini nao unaweza kuwa mdogo. Visu vizuri vya aina hii vyenye mpini wa alumini au plastiki ngumu hupatikana vikiwa chini ya gramu 100.

Mipaka yake nayo ijulikane. Wembe mwembamba si bisibisi wala si tindo. Ukitumika kubandua mbao za kreti au kufungulia mfuniko wa kopo, huvunjika, na kipande huweza kuruka hadi jichoni. Kwa kazi hizo gari liwe na zana nyingine.

Aina tatu za nyembe

Sokoni kuna makundi matatu makubwa ya nyembe zinazoingia kwenye visu vidogo.

Kundi la kwanza ni wembe mnene wa umbo la trapeza, yaani wenye upande mmoja mrefu ulionolewa na upande mfupi wenye mapengo ya kushikia. Huu ndio unaotumika kwenye visu vingi vya mafundi ujenzi. Urefu wake ni karibu milimita 60, upana karibu milimita 19 na unene karibu milimita 0.6. Ukiwa ndani ya mpini, kinachotokea nje ni sehemu fupi tu. Ncha moja ikiisha makali, wembe hugeuzwa na ncha ya pili hutumika, hivyo pakiti ya nyembe 10 ina ncha 20 za kukatia.

Kundi la pili ni wembe mrefu wa kuvunja, wenye mistari ya mshazari. Ncha ikiisha makali huvunjwa kwenye mstari na ncha mpya hutokea. Wembe huu ulibuniwa Japani na Yoshio Okada mwaka 1956, akipata wazo kutoka kwenye vipande vya kioo kilichovunjika na chokoleti inayokatika vipande vipande. Jina la kampuni iliyotokana na ubunifu huo, Olfa, linatokana na maneno ya Kijapani yenye maana ya kuvunja wembe. Upana unaopatikana zaidi ni milimita 9 kwa kazi nyepesi na milimita 18 kwa kazi za mizigo, na upo pia wa milimita 25 kwa kazi nzito. Wembe wa milimita 18 kwa kawaida huwa na vipande 8.

Kundi la tatu ni wembe wa upasuaji, ambao baadhi ya visu vyepesi vya kukunja hutumia. Huu ni mwembamba na mkali kuliko yote, na wawindaji wa Ulaya na Marekani huupenda kwa kuchuna ngozi. Kwa mizigo haufai sana. Hukatika ukipinda kidogo, na kuubadilisha kwa vidole vitupu ni hatari, hivyo huhitaji koleo. Aidha, una namba zake: mpini namba 3 hupokea nyembe kama namba 10, 11 na 15, na mpini namba 4 hupokea nyembe za namba 20 na kuendelea. Asiyejua namba atanunua wembe usioingia.

Kwa wasafirishaji na wafanyabiashara walio wengi, wembe wa trapeza ndio unaofaa zaidi kwenye kisu cha kukunja. Ni mnene kuliko wa kuvunja wa milimita 9 na 18, hauchezi sana ukivutwa kwenye kamba nene, na umbo lake limeshaenea kiasi kwamba nyembe za viwanda tofauti huingiliana kwenye mipini mingi.

Swali la barabara: wembe unapatikana wapi?

Chukulia lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Baada ya hapo linavuka kuingia Nakonde, linapita Zambia na kufika Kasumbalesa kabla ya kuingia Congo. Njiani kuna foleni, ukaguzi, kufunga turubai upya baada ya mvua, na pengine kuhamisha mzigo. Safari kama hiyo huchukua siku nyingi na kisu hutumika kila siku.

Dereva mwenye kisu cha wembe wa trapeza ana nafasi kubwa ya kupata wembe kwenye duka la vifaa vya ujenzi katika mji wowote mkubwa wa njiani, kwa sababu mafundi wa kila mahali hutumia wembe huo huo. Dereva aliyenunua kisu kizuri cha umbo la pekee, ambacho wembe wake una tundu la mviringo au pengo la aina yake, anategemea duka alilonunulia.

Kwa hiyo kabla ya kulipia kisu, mnunuzi afanye jambo moja rahisi. Auchomoe wembe wa kisu hicho, kisha aombe pakiti ya nyembe za kawaida za kiwanda kingine na ajaribu kuingiza mmoja. Ukiingia, ukakaa bila kucheza na kisu kikakunjika vizuri, kisu hicho kina soko la nyembe kila upande wa mpaka. Ukikataa, au ukiingia lakini ukalegea, bei nafuu ya kisu hicho ni ya siku moja tu.

Ni busara pia kubeba pakiti moja ya akiba. Nyembe 10 za trapeza zina uzito wa karibu gramu 50 pamoja na kasha lake. Hakuna sababu ya kukosa.

Hesabu ya makali

Njia sahihi ya kulinganisha bei ni kugawanya bei ya pakiti kwa idadi ya ncha za kukatia, si kwa idadi ya nyembe.

Kwa mfano wa hesabu tu, pakiti ya nyembe 10 za trapeza ikiuzwa shilingi 3,000, mnunuzi anapata ncha 20, sawa na shilingi 150 kwa kila ncha. Pakiti ya nyembe 10 za kuvunja za milimita 18 ikiuzwa shilingi 4,000, anapata ncha 80, sawa na shilingi 50 kwa kila ncha.

Kwa hesabu hiyo wembe wa kuvunja unaonekana nafuu mara tatu. Lakini ncha moja ya trapeza hustahimili kazi ngumu zaidi, na haivunjiki ovyo inapokutana na fundo la kamba ya manila. Anayefungua maboksi ya karatasi ghalani siku nzima atafaidika na wembe wa kuvunja. Anayekata kamba za turubai barabarani atafaidika na trapeza. Kila mmoja afanye hesabu kulingana na kazi yake.

Tahadhari nyingine ni nyembe za bei ya chini kupita kiasi. Zipo zenye chuma laini ambazo ncha yake hukunjika baada ya kufungua maboksi machache, na zipo zilizokatwa nyembamba kuliko kipimo hivyo hutikisika ndani ya mpini. Mnunuzi anayetaka pakiti nyingi aanze na moja, aitumie wiki moja, ndipo aagize nyingine.

Mpini: mambo manne ya kutazama

Baada ya wembe kuamuliwa, mpini huchaguliwa kwa mambo manne.

La kwanza ni komeo. Kisu cha kukunja kinachofanya kazi ya mizigo lazima kijifunge kikiwa wazi, vinginevyo kitafunga juu ya vidole. Makomeo ya kawaida ni bamba la ndani linalosukumwa na kidole gumba, kibonyezo cha mgongoni, na kitufe cha ubavuni. Yote hufaa iwapo yametengenezwa vizuri. Kujaribu ni rahisi: kisu kifunguliwe bila wembe, kishikwe vidole vikiwa mbali na njia ya kufungia, kisha mgongo wa sehemu inayobeba wembe ukandamizwe taratibu kwenye meza. Kikilegea au kukunjika, kirudishwe rafuni.

La pili ni namna ya kubadilisha wembe. Baadhi ya visu hutumia skrubu inayofunguliwa kwa bisibisi au kwa sarafu, vingine kitufe cha kubonyeza. Skrubu hushika imara zaidi lakini inaweza kupotea usiku kwenye maegesho. Kitufe ni cha haraka, lakini mchanga na vumbi la saruji vikiingia huweza kukwama au kubana nusu. Kwa barabara za vumbi, kitufe kichaguliwe iwapo tu kinaweza kusafishwa kwa brashi na kinarudi chenyewe kwa nguvu. Skrubu ichaguliwe iliyo kubwa na isiyochomoka yote.

La tatu ni uzito na mata ya mpini. Alumini ni nyepesi na haipati kutu jekundu. Plastiki ngumu iliyoongezwa nyuzi ni nyepesi zaidi na haichomi mkono kisu kikiachwa kwenye dashibodi juani. Mipini ya zinki iliyomiminwa ni ya bei nafuu na huonekana imara, lakini ni mizito na ikianguka kwenye zege inaweza kupasuka. Wepesi usitafutwe hadi mpini ukakosa pa kushika. Mkono wenye jasho, mafuta au maji ya samaki unahitaji mpini wenye mikwaruzo na kizuizi kidogo mbele cha kuzuia kidole kisiteleze kwenye makali.

La nne ni mahali pa kukibeba. Klipu nzuri hukishika kisu kikiwa kimefungwa na hakichomoki mtu anapopanda kwenye bodi ya lori. Tundu la kamba ni bora zaidi kwa mpakiaji anayeinama mara kwa mara. Kisu kikiwa na nafasi ndani ya mpini ya kuhifadhi wembe mmoja au miwili ya akiba, hiyo ni faida, mradi nyembe hizo zisigongane na kutoa sauti.

Kila mzigo na wembe wake

Nguo za mitumba hufika zikiwa kwenye marobota yaliyobanwa kwa nguvu. Mikanda ya plastiki ya robota hukatwa kwa wembe, lakini mikanda ya chuma haikatwi kwa kisu cha aina yoyote. Hiyo hukatwa kwa mkasi wa bati, huku mkataji akisimama pembeni, kwa sababu mkanda uliobanwa huruka unapokatika. Chini ya kitambaa cha robota kuna nguo za kuuzwa, na wembe uliozama sentimita mbili tu unaweza kuchana mashati kadhaa kwa mkato mmoja.

Kwa sababu hiyo kuna wembe wa ndoano, ambao makali yake yako ndani ya kipinda na ncha yake haichomi. Huingia kwenye mpini wa kawaida wa trapeza, hukamata kamba au ukingo wa nailoni na kukata kwa kuvutwa. Kwa maboksi yenye nguo, unga au vifaa vya umeme, pakiti moja ya nyembe za ndoano inaweza kuokoa bidhaa za thamani kubwa kuliko bei yake.

Kwa viroba vya mchele, maharage na unga, wembe wa kuvunja haufai. Kipande kilichovunjika ni kidogo na kikiangukia kwenye nafaka hakionekani. Kiwango cha usalama wa chakula cha BRCGS, kinachofuatwa na viwanda vingi vinavyouza kwenye maduka makubwa ya Ulaya, hakiruhusu kabisa visu vya wembe wa kuvunja mahali pa chakula. Mfanyabiashara wa mazao anayetaka kuuza kwa wanunuzi wa aina hiyo ni vizuri aanze desturi hiyo mapema. Aidha, mshono wa kiroba ufumuliwe kwa kukata uzi, si kwa kupasua kiroba, kwa kuwa kiroba kizima kina bei yake.

Kwa samaki na mazao ya pwani, tatizo ni kutu. Nyembe nyingi ni za chuma cha kaboni, ambacho hushika makali vizuri lakini hupata kutu haraka kwenye chumvi na unyevu. Zipo nyembe za chuma cha pua ambazo hustahimili maji zaidi, ingawa kwa kawaida huwahi kupoteza makali. Nyembe mpya za kaboni huwa zimepakwa mafuta ya kiwandani, hivyo zifutwe kabla ya kugusa chakula.

Lakiri ya forodha si kazi ya kisu

Jambo hili linahitaji kusemwa wazi kwa madereva na matingo wapya. Mzigo unaopita nchi moja kwenda nyingine chini ya udhibiti wa forodha hufungwa kwa lakiri, ambayo wengi huiita sili. Kwenye malori ya turubai, kamba au waya hupitishwa kwenye matundu yote ya turubai kisha ncha zake hufungwa kwa lakiri. Kamba hiyo ikikatwa, hata kama lakiri yenyewe haikuguswa, mzigo huhesabiwa kuwa umefunguliwa.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inafanya kuwa kosa kuondoa au kuharibu lakiri ya forodha bila idhini. Turubai likipasuka, mvua ikiingia au gari likipata ajali, hatua sahihi ni kutoa taarifa kwa forodha au polisi kabla kisu hakijatoka mfukoni. Kukata kwanza na kueleza baadaye kunaweza kuuzuia mzigo na gari, na mwenye mali anaweza kudaiwa ushuru wa mzigo ambao haukukusudiwa kubaki nchini humo.

Mipakani, polisi na uwanja wa ndege

Kisu cha kazi kinaweza kugeuka tatizo kikibebwa mahali pasipo na kazi. Kwa mfano, Sheria ya Utulivu wa Umma ya Kenya inakataza mtu kuwa na silaha ya kudhuru mahali pa umma bila idhini halali au sababu ya msingi, na kitu huhesabiwa silaha ama kwa namna kilivyotengenezwa ama kwa nia ya aliyekishika. Maana yake ni kwamba kisu kilichomo kwenye sanduku la zana za lori pamoja na spana na jeki kinajieleza chenyewe. Kisu hicho hicho kikikutwa mfukoni kwenye mkutano wa hadhara au baa, mwenye nacho atalazimika kueleza.

Kwa ajili hiyo, ni vizuri kuchagua kisu chenye sura ya zana. Mpini wa rangi ya njano au ya machungwa huonekana haraka kikianguka, na hauzui maswali kama ule mweusi wenye umbo la kivita. Visu vinavyofyatuka vyenyewe kwa springi viepukwe. Kwenye mizigo havina faida kubwa, na nchi nyingi huvitazama kwa jicho kali kuliko visu vya kawaida.

Wafanyabiashara wanaoruka kwenda kununua bidhaa Dubai, Istanbul au Guangzhou wasiache kisu kwenye mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege. Ukaguzi wa vitu vyenye makali ulikazwa duniani baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani. Viwanja vya Umoja wa Ulaya hukataza visu vyenye bapa la zaidi ya sentimita 6, lakini visu vya kukatia maboksi na nyembe hukatazwa bila kujali urefu, hivyo ufupi wa wembe hausaidii. Mahali pake ni kwenye begi linalokabidhiwa, wembe ukiwa umetolewa na kufungwa ndani ya kasha lake.

Kwa anayetaka kuviuza

Visu hivi ni bidhaa ndogo yenye mzunguko mzuri, na baadhi ya wafanyabiashara huvichanganya kwenye shehena ya vifaa vya ujenzi. Katika mfumo wa kimataifa wa namba za ushuru unaojulikana kama HS, visu viko chini ya kichwa 8211. Visu ambavyo bapa lake si la kudumu mahali pamoja, vikiwemo vya kukunja, huingia 8211.93. Nyembe zake zikiletwa peke yake huingia 8211.94, na mipini ya metali ikiletwa peke yake huingia 8211.95.

Kosa la kawaida la kuepuka ni kuandika nyembe hizi kama nyembe za kunyolea, ambazo ziko kichwa 8212, au kuandika nyembe za upasuaji za hospitali, ambazo ziko 9018, kwenye mstari mmoja na za visu. Maelezo yasiyolingana na namba hufungua mlango wa ukaguzi wa boksi kwa boksi. Tarakimu sita za mwanzo ni zile zile kwa nchi zote zinazotumia HS, lakini viwango vya ushuru hutofautiana, hivyo wakala wa forodha wa nchi ya kupokea aulizwe kabla ya kununua.

Wafanyabiashara wadogo wakumbuke pia kwamba cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Kisu kilichotengenezwa China hakigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu kimenunuliwa Kariakoo au Gikomba.

Mwishoni, muuzaji anayewajali wateja wake auze kisu pamoja na pakiti ya nyembe, na aendelee kuwa na nyembe hizo dukani. Anayeuza visu bila nyembe huuza mara moja, lakini mwenye nyembe hutembelewa na mteja huyo huyo kila mara.

Matumizi salama na nyembe zilizokwisha

Mkato huelekezwa mbali na mwili, na mkono unaoshika mzigo hukaa nyuma ya makali, si mbele yake. Kamba au mkanda uliobeba uzito haukatwi. Hulegezwa kwanza, kwa sababu unapokatika ghafla mzigo hushuka na ncha ya mkanda hupiga kama fimbo. Kisu hufungwa kabla ya mtu kupanda au kushuka kwenye gari.

Ajali ikitokea, jeraha lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na libanwe kwa kitambaa safi hadi damu isimame. Jeraha lenye kina, kidole kilichokufa ganzi au kisichokunjika vinahitaji hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri kufika mwisho wa safari. Mtu ambaye hana uhakika wa chanjo ya pepopunda amweleze mhudumu wa afya.

Wembe uliokwisha bado unakata. Usitupwe kwenye maegesho, kwenye pipa la wazi wala chini ya viroba, kwani wapakiaji wengi hufanya kazi na ndala na mikono mitupu. Kopo la bati lenye mfuniko na tundu jembamba linatosha kuhifadhi nyembe zilizokwisha kwa miezi mingi. Likijaa hufungwa kwa gundi ya karatasi na kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wakielezwa kilichomo ndani.

Kwa muhtasari, mnunuzi anayesimama mbele ya rafu ya visu afuate mpangilio huu: kwanza aulize wembe wa aina gani, pili ajaribu wembe wa kiwanda kingine, tatu ajaribu komeo, nne ashike mpini kwa mkono uliolowa, na tano anunue pakiti ya akiba. Rangi na bei ya mpini vije baada ya hapo.